Magari Yasiyogusana

Harufu ya tairi linaloungua juu ya barafu haifanani na harufu nyingine yoyote. Ina moshi, ina mpira, na chini yake kuna ubaridi unaokwaruza pua. Asubuhi moja Januari hii ilinifikia jikoni kwangu hapa Saint Louis Park, Minnesota, kupitia dirisha nililokuwa nimelifungua kidogo ili mvuke wa chai utoke. Chini kwenye maegesho jirani yangu alikuwa amekwama. Alikanyaga mafuta, gurudumu likazunguka pale pale likilia, theluji ikaruka nyuma, na gari halikwenda hata inchi moja. Nilishuka kumsukuma, msinihukumu. Lakini kwanza nilisimama kitambo na kikombe changu, kwa sababu sikuwa pale tena. Nilikuwa katika mji wa jirani wa Crystal, nina umri wa miaka tisa, nimekaa kwenye zulia la rangi ya chai ya maziwa. Mbele yangu televisheni. Kushoto kwangu nyanya yangu mzaa mama, ambaye sisi Wabukusu humwita Kukhu. Kulia kwangu leso. Na nyuma ya leso, baba yangu.

Hiyo leso lazima niieleze, la sivyo mtadhani nyumba yetu ilikuwa na wazimu.

Kukhu alikuja kutoka Bungoma, kwetu Kenya, mwezi wa pili, mdogo wangu alipozaliwa, ili amsaidie mama kulea. Alishuka kwenye ndege amevaa sweta tatu kwa mpigo, akatazama theluji nje ya kioo, akauliza ni nani aliyemwaga unga wote ule. Siku ya tatu alimpa mtoto jina. Mimi niliitwa Nafula kwa kuwa nilizaliwa wakati wa mvua. Huyu naye akaitwa Wafula, kwa maelezo kwamba theluji ni mvua iliyochoka.

Sasa, kwa mila ya kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani ampishe mwenzake. Kule Bungoma hilo halina taabu, boma ni pana na vichaka vipo. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya pili, na jiko la Kimarekani, lile lisilo na ukuta kati yake na sebule, ambalo ukikaanga kitunguu hata kochi linajua. Basi mama, ambaye hakuzaliwa kushindwa na jambo dogo, akafunga kamba kutoka kabati la vyombo hadi ukutani, akaanika leso yake nyekundu kwa vibanio vya nguo. Kuanzia siku ile baba akawa mtu wa jikoni na Kukhu mtu wa sebuleni. Baba akitaka kupita kwenda chooni alikohoa mara mbili, naye Kukhu akajifunika shuka uso mzima mpaka asikie mlango umefungwa.

Leso iliandikwa HESHIMA SI UTUMWA. Kuyasoma maneno hayo niliweza. Kuyaelewa ilikuwa habari nyingine. Mimi nilikuwa mtoto wa Minnesota, Kiswahili nilikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza, hadi Kukhu aliponiambia kwamba masikio yake hayakupewa viza ya Kiingereza. Nilichoelewa ni kwamba baba yangu na nyanya yangu, watu wawili niliowapenda kuliko wote, walikuwa hawataki kuonana. Katika shule yetu watoto waliokataa kuonana walikuwa wamechukiana. Sikuwa na kamusi nyingine.

Baba alikuwa mpenzi wa mbio za magari tangu utoto wake Nakuru, enzi za kukimbilia barabarani wakati wa Pasaka kungoja magari ya rali na kurudi nyumbani na vumbi kwenye nyusi. Huku Amerika mapenzi yake yalihamia kwenye magari ya magurudumu wazi, yale membamba yanayolala chini karibu na lami, magurudumu manne yakiwa nje, na dereva unamwona kofia tu. Mashindano hayo yalionyeshwa Jumapili asubuhi. Kwa bahati njema kanisa letu la Kiswahili liliazima jengo la watu wengine, nasi tuliingia mchana wenyewe wakishamaliza ibada yao. Kwa hiyo asubuhi sebule ilikuwa ya baba, na Kukhu alibaki chumbani na mtoto. Tukitoka kanisani mambo yaligeuka: mama alitushusha nyumbani, akaenda zamu yake hospitali, sebule ikawa ya Kukhu, na baba akaingia nyuma ya leso kupika.

Ni mchana wa namna hiyo ambapo Kukhu, akibonyeza rimoti kwa kidole cha shahada kama anayetafuta kiroboto, aliyakuta magari yake. Haya yalikuwa na bodi. Yalikuwa na paa, boneti, na taa za kuchorwa tu. Yalizunguka kwenye duara kubwa la lami, kushoto, kushoto tena, arobaini kwa pamoja, yakinguruma kwa sauti nzito iliyofanya vikombe vitetemeke. Milango yao haikufunguka, dereva aliingia kupitia dirishani. "Kama mwizi," alisema Kukhu kwa furaha kubwa. Na kilichomteka kabisa ni kwamba yaligusana. Yalisuguana mbavu, yaligongana matako, moja likavunjika uso, likaingia pembeni, mafundi wakalibandika plasta pana, likarudi barabarani likiwa na sura ya bondia.

"Hayo ndiyo magari," Kukhu alisema. "Babu yako alikuwa na pikapu. Kila asubuhi tuliisukuma sisi wote, na watoto, na mwalimu akipita naye akasukuma. Gari lisilosukumwa si la kwetu."

Nyuma ya leso kijiko kiligonga sufuria. "Nafula," baba aliita, "mwambie Kukhu magari yake yanazunguka tu kama kuku aliyefungwa kamba mguuni."

Nilimwambia, ingawa Kukhu alikuwa amekwisha sikia. Hakucheka. Alisubiri nimalize, kama itifaki inavyotaka, kisha akasema, "Mwambie baba yako magari yake ni panzi. Panzi akivunjika mguu mmoja, safari imekwisha."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza, kazi ya simu. Jumapili baada ya Jumapili nilibeba maneno hatua nne kwenda na hatua nne kurudi. Baba alisema magari yake yanakata kushoto na kulia, yanapanda na kushuka, hata mvua ikinyesha yanakwenda. Kukhu alisema mvua hata ng'ombe wanaiendea. Baba alisema mafundi wake wanabadilisha magurudumu yote manne kabla hujamaliza kupiga chafya. Kukhu akajibu kwamba ni kweli, lakini wako kijiji kizima kwa gari moja, ilhali kwake watu wachache tu wanaruka ukuta, mmoja amebeba jeki mikononi, na hizo ndizo kazi za wanaume. Nilicheka, nikakimbia, nikapeleka. Naota bado sauti zile mbili, moja kila upande wa kitambaa, na mwanga wa alasiri ukipita kwenye leso na kuifanya sebule yote kuwa nyekundu kama ndani ya ua.

Siku moja nilimuuliza baba kwa nini magari yake hayagusani kama ya Kukhu. Alizima jiko kwanza ndipo akanijibu. Baba hakujibu swali zuri akiwa na kazi nyingine mkononi.

"Magurudumu mawili yaliyo wazi yakigusana," alisema, "moja linapanda juu ya mwenzake, na gari linaruka hewani. Mtu anaweza kufa. Ndiyo maana dereva wa kweli ni yule anayemkaribia mwenzake hadi ibaki nafasi ya kiganja. Anabaki hapo hapo, kona baada ya kona, na hamgusi. Hiyo siyo kazi ya mtu asiyejali, Nafula."

Nilisikia, lakini sikuelewa. Nilikuwa nimeshughulika na jambo lililonitia hofu: usiku wa kuamkia hapo nilikuwa nimemsikia mama akimwambia mtu kwenye simu kwamba Kukhu anataka kurudi nyumbani mapema. Eti anamsumbua mkwe wake, amemfungia jikoni kama mpishi. Niliwaza wiki nzima. Nikaona wazi kwamba adui ni leso. Hawa watu wakionana mara moja tu, uso kwa uso, watajikuta wanapendana, na Kukhu hataondoka.

Jumapili iliyofuata, theluji ilikuwa inayeyuka ikidondoka kwenye ukingo wa paa, tik, tik. Wafula alikuwa amelala chumbani. Magari ya Kukhu yalikuwa yameanza. Baba alikuwa anasukuma chapati. Nilisogea taratibu, nikabana kibanio cha kwanza, kikaachia. Cha pili. Cha tatu. Leso ikateleza ikaanguka sakafuni bila sauti.

Jamani, aibu iliyoonekana pale! Baba yangu alikuwa amesimama na fulana ya ndani, mabega wazi, unga hadi viwikoni. Kukhu aligeuka. Wakaonana kwa muda wa kupepesa jicho. "Woi!" Kukhu alipiga kelele, akavuta shuka lake hadi utosini, akainuka akimbilie chumbani, na kwa kuwa haoni, mguu wake ukanasa kwenye kiti kidogo cha kubembelezea mtoto. Alianguka ubavu. Nilisikia kishindo hicho kwenye meno yangu.

Baba alipiga hatua mbili za haraka, za mtu anayejua la kufanya. Kisha akasimama ghafla. Sijawahi kumwona mtu akisimama vile. Aligeuka akalitazama friji, mikono ameiweka nyuma.

Mnielewe vizuri. Baba yangu alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kuinua wazee ndiyo ilikuwa kazi yake, Jumatatu hadi Ijumaa: kutoka kitandani, kutoka chooni, kutoka sakafuni, watu wazito mara mbili ya Kukhu, watu ambao kesho yake hawakukumbuka jina lake. Na sasa mama wa mke wake alikuwa chini, hatua tano kutoka alipo, naye anatazama friji.

"Nafula," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya kazini, tulivu, "muulize Kukhu anaumia wapi."

"Nyonga," Kukhu alisema chini ya shuka. "Na kifundo cha mkono."

"Mwambie asogeze vidole vya miguu. Vinasogea?"

Vilisogea. Mwambie akunje goti, taratibu. Lilikunjika. Mwambie la pili. Nalo likakunjika. Nilikuwa nalia na kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Tulimpigia mama, simu yake ikaita bila jibu, maana zamuni aliifungia kabatini. Kukhu alijaribu kujiinua, akashindwa, akajaribu tena, mkono ukamkataa. Niliona jasho kwenye ukosi wa sweta yake, nikajua ni mimi nimemuua nyanya yangu.

"Nitaita ambulensi," baba aliliambia friji.

"Nije kushikwa na wanaume nisiowajua," Kukhu alisema, "na mkwe wangu yuko hapa, anayeinua wazee wa watu kila siku?"

 Baba hakusogea. Magari yalikuwa yananguruma. Kukhu alikuwa amelishusha shuka hadi puani sasa, shavu kwenye zulia, na macho yake yalikuwa yameelekea kwenye televisheni, kwa kuwa ndiko alikoangukia. Kulikuwa na magari mawili mbele ya mengine yote. La nyuma lilikuwa limegusa la mbele, pua kwa mkia, na hayakuachana.

"Baba Nafula," Kukhu alisema.

Alimwita yeye. Hakuniita mimi. Nakwambieni nywele zilinisimama.

"Naam, Mama."

"Unayasikia magari?"

"Nayasikia."

"Wa nyuma amemgusa wa mbele. Anamtukana?"

 Na baba, aliyekuwa ameyadharau magari hayo wiki tano mfululizo, akaeleza kwa upole, mgongo ukiwa bado umetugeukia: "Hapana, Mama. Anamsukuma. Wakifanya hivyo wote wawili wanakwenda mbio zaidi."

"Basi," Kukhu alisema.

Baba alikwenda kwenye sinki akanawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu, hadi viwikoni, kama alivyonawa kazini. Alivaa shati, akafunga vifungo vyote, hata cha shingoni. Alikuja akitembea kando, macho darini, akaokota leso sakafuni. Aliikunja kwa urefu, mara moja, mara mbili, mara tatu, ikawa mkanda. Akanipa.

"Mzungushie Kukhu kiunoni. Fundo mbele, Nafula, si mgongoni. Kaza. Ingiza vidole viwili; vikiingia kwa shida, inatosha."

Nilifunga. Baba alipiga goti ubavuni mwake, akaishika leso pande mbili, vidole kwa chini, uso ameugeuzia dirishani. "Nikisema tatu, Mama. Sukuma kwa mguu mzuri." Akahesabu. Na Kukhu akainuka. Aliinuka polepole kutoka kwenye zulia lile, wote wawili wakipumua kwa pamoja, na mimi niliyekuwa chini niliona kitu ambacho mtu mzima yeyote asingekiona kwa urefu wake. Kati ya ngumi za baba na sweta ya Kukhu palibaki nafasi. Kiganja kimoja. Alimzungusha, akamweka kwenye kochi, na nafasi ile haikupungua wala kuongezeka.

Wakati huo huo king'ora cha moshi kikaanza kulia darini. Chapati ilikuwa imeungua ikawa mkaa. Baba alikimbia jikoni, akapunga gazeti, Wafula akaamka akilia, na Kukhu kwenye kochi akaanza kucheka huku ameshika nyonga, akisema nyumba nzima sasa inanuka mashindano.

Moshi ulipotulia aliuliza, "Nani ameangusha leso?"

Nilifumba macho. "Vibanio hivi ni vya bei rahisi, Mama," baba alisema kutoka jikoni. "Havina nguvu." Yeye alikuwa ameniona, kibanio cha tatu kilikuwa bado kwenye kiganja changu. Kukhu alinitazama sana. "Kweli," alisema hatimaye, "havina." Akapapasa kochi pembeni yake nikae.

Kilikuwa kifundo kilichoteguka na nyonga iliyovilia damu, basi. Habari zilipofika Bungoma, mjomba wangu mkubwa alisema kwenye simu kwamba mkwe aliyemgusa mama mkwe ni lazima alete kondoo wa kufuta mwiko. Kukhu aliinyakua simu. "Kanigusa nani? Mimi nimeinuliwa na leso. Leso ina mkono?"  Baba alituma kondoo vile vile, kwa hiari yake, na Kukhu akafurahi sana, ingawa alijifanya hakufurahi.

Hakuondoka mapema. Alikaa miezi yote sita aliyopewa kwenye viza. Leso ilirudishwa kwenye kamba jioni ile ile, kwa vibanio vipya, na kwa macho ya mgeni hakuna kilichobadilika. Ila kazi yangu ya simu ilikwisha. Waliongea wenyewe kupitia kitambaa, panzi kwa kuku wa kamba, alasiri nzima, na mimi nikabaki kwenye zulia bila ajira. Kukhu aliporudi nyumbani, aliikunja ile leso akaiweka sandukuni, na mama hakumuuliza.

Mwaka juzi Kukhu alifariki, tukaenda Bungoma kumzika. Nilikuwa chumbani mama zangu wadogo walipokuwa wakimvisha. Alikuwa ameacha agizo, na waliona ni la ajabu lakini walilitii: juu ya gauni lake afungwe leso nyekundu kiunoni, imekunjwa kama mkanda. Rangi ilikuwa imepauka, maandishi yanasomeka kwa shida. Nilitoka nje nikavuka uwanja hadi hema la wakwe, mbali kabisa, upande wa pili wa boma, ambako baba alikuwa amekaa peke yake na shati limefungwa hadi shingoni. Alikuwa amesafiri siku mbili ili aje akae mbali. Pale ndipo nilipoielewa leso, miaka yote hiyo baadaye. Wageni wa kazini aliwashika kwa mikono miwili kwa sababu hakuna kilichomzuia. Huyu alikuwa amemwachia kiganja kimoja maisha yake yote, na hakukipunguza, na hakukiongeza, na mimi mjinga niliita jambo hilo chuki.

Nilikaa karibu naye nikamwambia Kukhu amefungwa leso.

 "Fundo liko wapi?" aliuliza.

"Ubavuni. Kushoto."

Baba alitikisa kichwa. "Mbele, Nafula," alisema, na machozi yakamshuka bila kuyafuta. "Nenda uwaambie. Fundo linakaa mbele, anayemwinua alione."

Nikarudi nikalifunga mwenyewe.